Mwalimu Anayesema "Tushuke": Miezi 14 katika Jimu ya Ghorofani, Magomeni

Jimu ninayotaka kuieleza iko Magomeni, Dar es Salaam, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Mapipa. Jina lake silitaji, kwa kuwa katika maelezo haya yamo na yasiyopendeza, na wenyewe hawajapata nafasi ya kujibu. Nimekuwa mwanachama wake kwa miezi 14, na katika miezi hiyo nimeingia mlangoni pake mara 148. Hesabu hiyo ni ya daftari, wala si ya kukisia. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaambia watu kwamba kumbukumbu ya kichwani haiwezi kuwa risiti.

Naanza na hesabu kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa mteja mzuri sana wa jimu nyingine mbili, mzuri kwao, si kwangu. Katika ya pili, iliyokuwa na viyoyozi, vioo vya ukuta mzima na mashine za kukimbilia zenye televisheni, nililipa shilingi 900,000 kwa mwaka nikaenda mara 11. Kila safari ilinigharimu shilingi 81,818, fedha ambayo ingenilaza hotelini usiku mmoja na chai ya asubuhi juu. Katika mwaka ule hakuna aliyeuliza nimepotelea wapi, isipokuwa mwezi wa mwisho, nilipopigiwa simu kukumbushwa kwamba uanachama unakaribia kuisha na kwamba kuna punguzo kwa watakaolipa mapema. Wala sikuwa mgeni wa shamrashamra za mazoezi. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo, nilikuwa miongoni mwa walioitikia kwa furaha. Nilikwenda Jumamosi moja. Fulana niliyoivaa siku ile bado ninayo, ninalalia.

Nilipata faraja kidogo niliposoma kwamba ugonjwa huu si wangu peke yangu. Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani. Waliochagua ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikwenda kwa wastani mara 4.3 kwa mwezi, hivyo kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali mlangoni palepale wangeweza kununua tiketi za dola 10 kwa ziara. Watu hao hawakuibiwa. Walijidanganya wenyewe siku ya kujiunga, kwa kuamini kwamba yule atakayeamka kesho ana bidii kuliko yule anayelala leo, na jimu nyingi zinaishi kwa imani hiyo. Ndiyo maana siku hizi sipimi jimu kwa mashine zake. Naipima kwa namna inavyozungumza na mteja, hasa ile siku mteja anapoanza kutoroka.

Kilichonipeleka Magomeni ni presha. Daktari aliipima akakuta 152 kwa 96, akaniandikia dawa, akaongeza na yale maneno mawili ambayo kila mtu wa umri wangu ameshayasikia: fanya mazoezi. Nilikuwa na miaka 47. Nilipanda ngazi za ile jimu nikijiandaa kupandishwa kwenye mizani mbele ya watu, kama nilivyofanyiwa kule kwingine, lakini mwalimu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alisimama, akaniamkia shikamoo, akanivutia kiti cha plastiki karibu na dirisha, na kwa muda wa kama dakika 20 hakugusa kifaa chochote. Aliuliza nafanya kazi wapi na natoka saa ngapi, napanda gari gani, nani anapika nyumbani, nakunywa dawa gani na wakati gani. Aliuliza pia kilichonikwamisha katika jimu zile mbili, na nilipoanza kujitukana kwamba mimi ni mvivu tu, alinikatiza kwa upole: "Mama, mvivu asingepanda ngazi hizi. Tuseme ratiba ilikataa."

Kisha akauliza swali ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. "Kutoka sifuri hadi kumi, mama una uhakika kiasi gani kwamba Alhamisi utakuwa hapa?" Nikasema nne, nikisubiri hotuba. Akauliza, "Kwa nini iwe nne, isiwe moja?" Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kwa nini si kumi, na utetezi wote ukakosa kazi. Nikajikuta namweleza kwamba mama yangu mdogo alipooza upande mmoja kwa sababu ya presha, kwamba ngazi za ofisini siku hizi zinanikatisha mara mbili kabla sijafika, kwamba jimu yake iko njiani kwangu. Hotuba niliitoa mimi, na msikilizaji alikuwa yeye. Hapo ndipo akauliza ni kitu gani kingeifanya ile nne iwe sita.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba swali lile lina ukoo wake. Linatokana na mtindo wa mazungumzo ambao mwanasaikolojia wa Marekani William R. Miller aliuandikia makala mwaka 1983, wakati huo kwa ajili ya watu wenye shida ya pombe, na ambao aliuendeleza pamoja na Stephen Rollnick hadi ukaingia kwenye kliniki za kisukari, za presha na za kuacha sigara. Msingi wake ni kwamba mtu akibishiwa huishikilia hali yake ya sasa, na akiulizwa vizuri huanza kutaja mwenyewe sababu za kubadilika. Na sababu uliyoitaja kwa mdomo wako ni ngumu kuikana wiki inayofuata. Nilipomwuliza mwalimu kama alijifunza jambo hilo darasani, alisema alilirithi kwa aliyemfundisha kazi, na jina la Miller hakuwahi kulisikia.

Kilichoifanya nne iwe sita kilikuwa begi la viatu. Mimi naishi Kimara, na mpango wangu ulikuwa wa kistaarabu kabisa: nitoke kazini Posta, nifike nyumbani, nibadili nguo, nipumzike kidogo, kisha nirudi Magomeni. Mwalimu alicheka. "Mama, ukifika Kimara umefika." Tukakubaliana kwamba viatu na nguo vikae ofisini chini ya meza, na kwamba siku za Jumanne na Alhamisi nikitoka saa kumi na nusu jioni nishukie njiani. Aliniandikisha jambo hilo kwa mkono wangu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kurasa 96: "Basi likisimama Mapipa, nashuka." Hapakuwa na neno lolote kuhusu kilo, afya wala nidhamu. Aliyewahi kupanda mwendokasi jioni anajua kwamba kushuka katikati ya safari ukiwa umebahatika kupata kiti ni zoezi kubwa kuliko yote yanayokusubiri huko juu.

Sasa nije kwenye lugha yake akiwa kazini, ambayo kwangu ndiyo huduma yenyewe. Kijana anayemwelekeza mtu mzima ana tatizo ambalo sijaona likizungumzwa mahali popote. Amekuamkia shikamoo, umemjibu marahaba, na dakika tano baadaye kazi yake inamtaka akuamrishe. Katika jimu yangu ya kwanza tatizo hilo lilitatuliwa kwa kufuta heshima mlangoni: "Shuka! Panda! Usilegee, shuka!" Sikuwa na jibu la kumpa yule kijana, kwa sababu alikuwa sahihi kuhusu kulegea kwangu, lakini mwili ulikuwa unakataa kumtii mtu ambaye ulimi wangu ulishamweka katika nafasi ya mwanangu. Nililipa miezi mitatu nikaacha, na kwa muda mrefu niliamini kwamba nilichokishindwa ni mazoezi.

Huyu wa Magomeni amelitatua kwa sarufi. Hasemi "shuka", anasema "tushuke". Tushuke taratibu, tukae kidogo, tunyanyuke. Lile "tu" linanichukua bila kunisukuma, ingawa mwanzoni lilinichekesha, kwa kuwa yeye alikuwa amesimama na aliyekuwa anashuka ni mimi peke yangu. Nilimwambia hivyo wiki ya pili. Seti iliyofuata alishuka na mimi hadi mwisho, mara zote nane, na tangu hapo akisema "tu" kwa mara ya kwanza katika siku, hulitimiza walau mara moja. Akitaka kusahihisha, huzungumza na kiungo: "Naomba goti lifuate kidole cha mguu." "Mgongo umeanza kuinama, tuupumzishe." Kosa analibeba goti, analibeba mgongo, na mwenye mgongo anabaki na heshima yake na anarekebisha haraka kuliko angefokewa.

Nisieleweke kwamba ni mtu wa kubembeleza kila mmoja. Wale vijana wanaonyanyua vyuma kona ya kulia wanapata maneno mengine kabisa: "Kaza! Moja tena! Unaniangusha, mwanangu!" Na wanayataka, ukiwaambia "naomba" watadhani wanaumwa. Kuna mzee mmoja, mstaafu, ambaye mwalimu huketi kwanza kabla hajaanza kumweleza jambo, ili asizungumze naye kutoka juu. Nimekaa nikamtazama kwa muda mrefu, na ninavyoona ustadi wake uko katika kujua nani ahimizwe kwa sauti gani, jambo ambalo muuza vitenge wa Kariakoo analijua na mwalimu wa mazoezi mwenye vyeti vitatu anaweza asilijue.

Maelezo ya kitaalamu huyatoa kidogo, na mara nyingi mpaka uulize. Alikuwa akinitaka nihesabu kwa sauti kila ninaponyanyua uzito, nikadhani ni mbinu ya kuchangamsha ukumbi. Nilipouliza, alijibu kwa sentensi moja: anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi wakati wa kunyanyua kunapandisha presha ghafla, jambo ambalo kwangu halifai. Kwenye mashine ya kutembelea hakunionyesha tarakimu za mapigo ya moyo, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha huyashusha mapigo na kuifanya tarakimu ile idanganye. Alinipa kipimo cha mdomo. Nikiweza kuimba ubeti wa taarabu bila kukatika, niongeze mwendo. Nikiweza kuongea lakini kuimba kukanishinda, nibaki hapohapo. Nikishindwa kumtajia jina la mtaa wangu, nipunguze. Kipimo hicho ninakitumia hadi leo, na jirani zangu wa Kimara wameshazoea kunisikia nikiimba vibaya barabarani.

Siku mbili baada ya zoezi la kwanza, asubuhi, nilikuwa nikishuka ngazi za ofisini kwa kushikilia ukuta huku nimeshaamua kwamba nimeumia na kwamba jimu siendi, ujumbe wake ulipoingia. Ninao bado: "Shikamoo mama. Leo mapaja yatalalamika kuliko jana. Ni kawaida, kuanzia kesho yatapunguza kelele. Ila ukisikia maumivu ya kifua, au kiungo kikivimba, hiyo si kawaida, muone daktari na mimi nipigie." Maumivu ya misuli ya mtu anayeanza mazoezi hufika kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, na huo ndio muda ambao wengi huaga kimya kimya. Mwalimu alijua siku gani nitakuwa nikitafuta kisingizio, akawahi kufika kabla yake. Ujumbe wenyewe haukumgharimu hata shilingi mia.

Jaribio kubwa lilikuja mwezi wa tatu. Ukaguzi wa hesabu ulinibana wiki nzima, na kabla haujaisha tukapata msiba Tanga. Jumla nilikosa siku tano mfululizo. Siku mbili za kwanza hakuandika kitu, kwa kuwa nilikuwa nimemuaga. Siku ya tatu aliandika: "Shikamoo mama, pole kwa msiba. Nafasi yako ipo. Ukirudi tutafanya dakika kumi tu." Nieleze kitu ambacho hakukiandika. Mtu wa Dar es Salaam akikuona baada ya siku nyingi atakwambia "umepotea!", na hasemi kwa ubaya, lakini ndani ya neno hilo kuna mashtaka madogo ambayo unalazimika kuyajibu kwa kujieleza. Mwalimu ameliondoa katika msamiati wake wa kazi, na alinieleza sababu: anayejua kwamba atapokelewa na swali la kujieleza huahirisha kurudi hadi apate maelezo mazuri, na maelezo mazuri hayapatikani. Nilikwenda kwa dakika kumi nikakaa 35.

Katika jambo hili utafiti uko upande wake. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kila siku, ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Mtu wa katikati katika kundi lile alihitaji siku 66 hadi tabia ianze kujiendesha yenyewe. Wepesi waliifikia kwa siku 18, na makadirio ya wazito yalifika 254. Kukosa siku moja hapa na pale hakukuharibu kilichokuwa kimeshajengwa. Linganisha na bango lililobandikwa mlangoni mwa jimu hii hii, lenye picha ya kijana mwenye tumbo la vipande na maneno "Siku 21 Kubadili Maisha Yako". Namba 21 huhusishwa na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuzoea nyuso zao mpya. Habari ya pua mpya imegeuzwa kuwa ahadi ya tumbo, na mteja anayefika siku ya 22 akiwa bado anajilazimisha anaondoka akiamini kasoro ni yake. Nimemwambia mwalimu mara mbili kwamba bango hilo linabomoa anachokijenga. Amekubali mara mbili. Bango lipo.

Kwangu mimi ilichukua muda mrefu kuliko mtu wa katikati. Mwezi wa tano, jioni moja nikiwa na mafua makali, nilikuwa nimeamua tangu asubuhi kwamba naenda moja kwa moja nyumbani. Basi liliposimama Mapipa nilishuka. Nilikuwa nimeshapita geti, begi mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba leo siendi. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, nikarudi ndani, nikalipa nauli ya pili. Nilipomsimulia mwalimu, alilifungua daftari langu akaandika tarehe ile kwa kalamu nyekundu, ijapokuwa siku hiyo sikunyanyua kitu chochote isipokuwa begi.

Ile sentensi ya ukurasa wa kwanza ina udhaifu mmoja: wakati wa masika Jangwani, kabla ya Mapipa ukitoka Posta, hufurika, mwendokasi husimama, na basi lisilofika Mapipa haliwezi kumshusha mtu. Masika yaliponikuta, mwalimu alikuwa ameshanitumia ujumbe wa sauti wa dakika 12, wenye mazoezi ya kutumia kiti na ukuta, na maagizo kwamba nisiusikilize kabla mvua haijanizuia, ili usije ukawa mbadala wa kudumu. Katika mwezi wa Ramadhani huwahamisha wanaofunga kwenye vipindi vyepesi vya kabla ya futari au vya baada ya tarawehe, kwa hiari yao, na haongezi ada. Haya ni mambo madogo, lakini jimu zangu za awali zilikuwa na ratiba moja ya mwaka mzima, kana kwamba mji huu hauna mvua wala funga.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea kwa kijana wa umri wake. Mwezi wa nne uzito wangu ulikuwa umetoka kilo 84 hadi 80, na mwalimu akaniambia nijiandae, kwa sababu watu wataanza kuuliza. Hapa kwetu "umenenepa" bado ni pongezi, na "umekonda" ni swali la pole kuhusu afya, ndoa au mfuko. Kweli, katika harusi moja ya Tabata niliulizwa mara sita kama naumwa, na shangazi mmoja alinivuta pembeni kwa sauti ya msibani. Jibu alilokuwa amenipa mwalimu lilifanya kazi: "Inayokonda ni presha, shangazi." Wateja wengi, aliniambia, huachia hapo, pale jitihada yao inaposomwa kama ugonjwa. Kwa hiyo mizani ameiweka nyuma ya mlango, na anayeitaka huiomba. Maendeleo yangu tunayapima kwa ngazi za ofisini, ghorofa nne, ambazo sasa napanda bila kusimama. Presha yangu ya mwisho kupimwa ilikuwa 134 kwa 84. Dawa naendelea kuzinywa, na sitaki kuligawa deni hilo kati ya kidonge na mazoezi, kwa kuwa sina vielelezo.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kundi la WhatsApp la wanachama, ambalo haliendeshwi na mwalimu bali na uongozi. Humo hutumwa picha za "kabla na baada", nyingine bila ridhaa iliyo wazi, na kila Jumapili ilikuwa ikitolewa orodha ya "wavivu wa wiki" yenye vikatuni vya kucheka. Jina langu lilitokea wiki ile niliyokuwa Tanga nikizika. Nilijitoa usiku uleule. Orodha ilisimamishwa kwa muda, na nasikia kwamba imerudi kwa jina jingine. Kwamba jumba moja linaweza kuwa na mtu anayeelewa kwa nini "umepotea" inauma, na ofisi inayochapisha orodha ya wavivu, ni jambo ambalo hadi leo sijalielewa.

La pili ni zito zaidi: huduma yote hii inakaa katika kichwa cha mtu mmoja. Mwalimu alipokuwa likizo wiki mbili, aliyeshika zamu hakulifungua daftari langu hata mara moja, aliniongezea uzito bila kuniuliza, akanipigia kelele, na akatoa maoni kuhusu tumbo langu mbele ya watu wasiopungua kumi. Wiki ile nilikwenda mara moja tu. Yule kijana simlaumu sana, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Uongozi unajua bei ya kila mashine iliyomo ukumbini na haujui kwamba bidhaa yake bora haijaandikwa popote. Mwalimu akihama kesho, patabaki chumba chenye vyuma na feni mbili.

Mengine niyapite haraka. Bafu ni moja, na foleni yake baada ya saa kumi na mbili jioni inakatisha tamaa. Umeme ukikatika hakuna jenereta. Mashine za kukimbilia ni tatu, na moja imeharibika muda mrefu kiasi kwamba watu wanatundika mataulo juu yake. Mapokezi wanashikilia kukuuzia unga wa protini hata kama umekuja kulipia maji tu.

Bei ni hii. Ada ya mwezi ni shilingi 60,000, na anayetaka kuingia kwa siku hulipa 5,000. Mwalimu binafsi, mara mbili kwa wiki, alinigharimu 80,000 zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza. Mwezi wa nne mwenyewe alinishauri nipunguze, tukutane mara moja kila wiki mbili kwa 20,000 kwa mwezi, na siku nyingine nifuate daftari peke yangu; aliyekuwa anapoteza kipato kwa ushauri huo ni yeye. Kwa miezi 14 nimelipa jumla ya shilingi 1,300,000, sawa na 8,784 kwa kila siku niliyohudhuria, chini ya sehemu moja ya tisa ya nilichokuwa nikilipa kule kwenye viyoyozi. Lakini hesabu ni hesabu: kwa siku 148 ningelipa ada ya mlango kila ninapofika, ningetumia 740,000 badala ya 840,000. Hata mimi, baada ya kuwacheka wale Wamarekani, nimepoteza shilingi 100,000 kwa kosa lilelile. Nimefikiri kubadili na nimeamua kutobadili, kwa sababu kila jioni ningelazimika kuamua upya kama leo inastahili noti ya elfu tano, na ninazijua jioni zangu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli walau siku mbili. Jimu inanipa kama dakika 110. Zilizobaki mwalimu amenipa nje ya jimu, bila malipo: siku nne kwa wiki nashuka kituo cha Korogwe badala ya Kimara Mwisho, namalizia kwa miguu.

Anayependa kuhimizwa kwa kelele na muziki mkubwa atapata sehemu bora kuliko hii, na anayehitaji bwawa au bafu la maji ya moto asijisumbue kupanda ngazi. Mtu wa makamo aliyeshindwa mara mbili tatu, hasa mwenye presha au kisukari na barua ya daktari mkononi, aende Jumanne au Alhamisi kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, abebe taulo, maji na daftari lake mwenyewe, na asijiunge na kundi la WhatsApp. Kwanza aulize mapokezi nani yuko zamu. Akiambiwa mwalimu hayupo, asilipe siku hiyo, arudi atakapokuwepo.